Hodi ya Tatu

Mwezi wa kwanza nilisimama mlangoni,
barabara ya kumi na tatu, Ngamiani,
daftari kifuani, kalamu sikioni,
na mtu kabla hajavuta mguu wa pili ndani
nimeshamkaba: Jina nani? Namba ya simu?

Ndiyo kazi aliyonipa Bi Mwantumu:
andika wateja, mzigo ukiingia tuwape habari.
Duka la vipuri vya baiskeli. Tairi, njiti, minyororo,
kengele zinazolia kabla hazijanunuliwa.
Nami nikadhani majina ni kama kunazi,
unatikisa mti tu.

Yakadondoka. Mia moja na ishirini na sita.
Mmoja alinipa namba ya zimamoto.
Mwingine akajiita Fulani bin Fulani,
nami nikamwandika, kwa mwandiko mzuri.
Na yule mwendesha guta wa Duga,
gurudumu la nyuma likicheza kama jino la mtoto,
alinitazama, akalitazama daftari,
akageuza guta bila neno.
Nililisikia likilalamika mpaka barabara ya kumi na tano.

Tairi zilipofika tukatuma ujumbe.
Wakaja wawili.
Wa tatu alipiga simu kutoka Korogwe,
mama mwenye sauti ya usingizi:
"Baiskeli? Mwanangu, mimi magoti yenyewe ya kukopa.
Nani kakupa namba yangu?"

Bi Mwantumu hakunigombeza.
Jioni alinichukua Makorora,
kudai deni la pampu kwa Shekiondo.
Hodi. Kimya.
Hodi. Kimya.
Hodi ya tatu aliisema polepole,
kama anayeweka kikombe chini,
kisha akageuka.
"Lakini wapo," nikamwambia. "Redio inaongea."
"Redio haijasema karibu."
Deni lile sijui kama lililipwa.

Nikahamisha kigoda.
Nikakitoa mlangoni, nikakiweka kwenye karai la maji
ambamo fundi Hemedi huzamisha tyubu akitafuta povu.
Hapo mtu amekwisha kufika.
Kiraka kimebandikwa, gundi inakauka,
mikono yake haina kazi.
Dakika nne, tano.
Hapo ndipo nasema, mara moja tu:
"Tairi za ishirini na nane zinaingia wiki ijayo.
Nikujulishe zikifika?"
Akisema ndiyo, namwachia kalamu aandike mwenyewe,
nampa kifuniko cha vali, chekundu,
kidogo kuliko ukucha.
Akisema hapana, nasema haya,
tunarudi kuiangalia gundi pamoja.

Masika yalipita juu ya bati bovu
yakaliloweka lile daftari la kwanza.
Wino ukatoka wote ukawa wingu moja la buluu,
zimamoto, Fulani, mama wa Korogwe, wote humo.
Sikulianika.

Jipya lina arobaini na mmoja.
Ujumbe ukitoka adhuhuri,
alasiri nahesabu baiskeli ishirini ukutani.
Bi Nyamvula wa Chumbageni alikataa mwezi wa Rajabu.
Shabani sikumuuliza.
Ramadhani akanijia juu, kiuno kimeshikwa:
"Wenzangu unawaandika, mimi sina jina?"
Akalitaja herufi kwa herufi,
nisije nikalikosea.

Mwendesha guta bado anapita asubuhi,
na mzigo wa machungwa, na lile gurudumu.
Ekseli yake imefika. Namba yake sina.
Ningeweza kutoka mbio, nimshike usukani.
Nimeitundika mlangoni, upande wa kushoto,
usawa wa macho ya mtu aliyekaa juu ya guta,
nikarudi kwenye kigoda changu.

Leo alipunguza mwendo.
Sikuinuka.